Kurasa Alizoruka Erasto

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo sana: kidole gumba cha Erasto kilifunua karatasi mbili kwa pamoja.

Wengine hawakuona. Wanawake wote bandani walikuwa wameinamia korosho zao. Mimi nilikuwa nimekaa kushoto kwake, kwa sababu Mama Gerson alinihamishia pale barua yake ya posa ilipofika nyumbani kwetu. Erasto alikuwa amesoma ukurasa wa arobaini na moja. Alipofunua, akaanza kusoma wa arobaini na nne.

Niliacha shule darasa la tano, mama alipougua. Kusoma kwangu ni kwa kidole, neno moja moja. Lakini namba hazijawahi kunikimbia.

Erasto akasoma:

"Ruvo alirudi nyumbani jioni, akanawa mikono kwa muda mrefu. Neda hakumtazama. Kulipopambazuka, Neda alifunga nguo zake akaondoka."

Banda zima likalipuka.

"Mwanamke gani huyu!" alisema Mama Gerson, kiongozi wa kikundi chetu. "Mume analeta unga, halewi, hapigi. Anaondoka kwenda wapi?"

"Anataka malaika," alisema Maryam. "Neda huyo angekuwa Chiungutwa hapa ningemfuata na mwiko."

Bibi Bibiana, mkubwa wetu kuliko wote, aliacha kubangua.

"Kuna kitu hapo. Mwanamke haondoki alfajiri bure bure. Erasto mjukuu wangu, hebu rudia."

"Bibi, ndivyo kitabu kinavyosema."

"Kinavyosema chote?"

"Chote, Bibi."

Alisema hivyo huku anatazama mlango.

Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kazi siku zile. Kubangua korosho kunashika mikono, hakushiki masikio. Mafuta ya maganda yanaunguza ngozi, huwezi kugusa simu wala kujikuna. Erasto, fundi baiskeli mwenye kibanda cha jirani, akikosa mteja alikuja kutusomea. Kitabu chenyewe kilikuwa cha zamani sana, kimetafsiriwa kutoka Ulaya, hakina jalada. Alikiokoa sokoni Masasi kwa mama mmoja aliyetaka kukichana afungie karanga. Kilieleza habari za nchi isiyokuwepo, ambako serikali inawapangia watu mpaka maneno ya kusema asubuhi. Ruvo alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Kwa jinsi Erasto alivyosoma, kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiwashauri watu.

"Yasinta," Maryam aliniita, "Jumapili mjomba wako anajibu posa. Usije ukatufanyia kama Neda!"

"Huyu?" Mama Gerson alicheka. "Huyu hata umkanyage kidole hasemi."

Wote walicheka, na mimi nikacheka kwa kuinama. Walikuwa na haki. Kwetu, siku ya kujibu posa, mjomba anamuuliza binti mbele ya wazee: unamfahamu huyu, unamkubali? Binti akinyamaza, amekubali. Mwenzenu niliufurahia utaratibu huo. Nilikuwa nampenda Erasto, na nilitakiwa kufanya kitu kimoja tu ninachokiweza.

Mara akaitwa nje, bodaboda imepata pancha. Kitabu akakiacha kwenye kigoda. Nilinawa mikono, nikakipangusa vumbi, nikakifunga kwenye kanga yangu. Nilipofika nyumbani nikamtumia ujumbe.

"Kitabu ninacho mimi. Nakitafutia jalada."

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini.

"Sawa Yasi wangu. Ila usikisome peke yako. Tutasoma wote."

Nilisoma ujumbe huo mara mbili. Kisha nikafungua kitabu.

Kurasa alizozikimbia alikuwa amezikunja pembe, ili azijue mapema. Nilihesabu pembe tisa. Kesho yake asubuhi nilimwambia mama kwamba nitachelewa kazini, nikakaa jikoni nyuma ya magunia ya muhogo, nikaanza. Kidole chini ya neno, neno baada ya neno.

Ruvo hakuwa anashauri watu. Ruvo alikuwa anapiga watu. Yeye na wenzake walipewa nondo, wakapita mitaani, na aliyesahau maneno ya asubuhi alivunjwa kidole mbele ya majirani. Ukurasa wa arobaini na mbili walimleta sokoni mdogo wake Neda. Ruvo alimvunja vidole vitano vya mkono wa kulia, na watu walilazimishwa kuhesabu kwa sauti. Jioni ndiyo ile aliyonawa mikono.

Nilitoka nje nikakaa juani.

Halafu nikarudi kusoma pembe zilizobaki.

Mchana nilipofika bandani, Erasto hakuwepo. Alikuwa amekwenda Masasi kununua mataili. Wanawake walikuwa bado wako kwa Neda.

"Mimi nimewaza usiku kucha," alisema Mama Gerson, "yule mwanamke alikuwa na bwana mwingine."

"Ndiyo tabia yao," alisema Maryam. "Mtoto wangu wa kike simwiti Neda ng'o. Wa kiume nitamwita Ruvo."

"Neda hana kosa."

Nyundo zote zilinyamaza. Mimi mwenyewe niligeuka kutazama nani amesema.

"Eti?" aliuliza Mama Gerson.

"Hana kosa, Mama Gerson. Kuna kurasa hatukusomewa."

"Umejuaje?"

"Nimesoma."

"Wewe?" Maryam alisema, si kwa ubaya. "Umesoma wewe?"

Nikatoa kitabu kwenye kanga. Sauti yangu ilikuwa ndogo, Bibi Bibiana akasogeza kigoda mpaka magoti yetu yakagusana. Nilisoma polepole sana. Labda ndiyo sababu ilikuwa vibaya zaidi, kwa maana kila kidole cha yule kijana kilichukua muda kuvunjika. Nikasoma moja, mbili, tatu.

"Acha!" Mama Gerson alisimama. "Acha hapo hapo! Kitabu gani hiki? Lete nikitie motoni, kitatufaa kuchemshia korosho!"

"Asiache," alisema Maryam. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya mikono. "Endelea, Yasinta. Nne."

"Maryam, unataka kusikia mtu anavunjwa?"

"Nimemtukana mama wa watu tangu jana, Mama Gerson. Nataka kujua nimemtukania nini."

Bibi Bibiana aliguna.

"Nyie watoto. Wakati wa vita vya ng'ambo ya Ruvuma, sisi tulipokea watu walioona makubwa kuliko haya. Hiki ni cha kuchezea. Ila huyo aliyekiandika," akagonga ukurasa kwa ukucha, "huyo alikuwa anajua watu. Hao wanaohesabu. Ndio mimi nawaogopa, si mwenye nondo. Soma, mwanangu."

Nilipofika tano, mlango ukawa giza. Erasto alikuwa amesimama na mataili mawili begani.

"Yasi," alisema. "Nilikuomba usikisome."

"Karibu, mtani!" Maryam ni Myao, hakumwonea haya Mmakonde. "Kumbe unatuchujia kitabu kama uji wa mtoto!"

"Jamani, zile kurasa... nilidhani zimechanika. Yule mama wa karanga..."

"Zilichanika zikarudi?" aliuliza Bibi Bibiana. "Zilikwenda kusalimia?"

Walicheka, lakini kicheko kilikufa haraka. Erasto alishusha mataili.

"Sawa. Niliziruka makusudi. Nilitaka kuwakinga. Hiki kitabu, hata wasomi wakubwa kimewashinda. Kuna kundi la vitabu nimo kwenye simu, watu wanatukanana kwa ajili yake. Mmoja anasema kipigwe marufuku, mwingine anasema hakijawahi kuandikwa kizuri kama hiki, wa tatu anasema kinafundisha ukatili. Wana digrii hao! Sasa ninyi..."

"Sisi nini, Erasto?" aliuliza Mama Gerson taratibu. "Sisi wa la saba? Na huyu wa la tano?"

Nilikifunga kitabu kwenye kanga, nikatoka. Nilimsikia nyuma yangu, baiskeli yake inalia mnyororo.

"Yasi! Simama basi."

Sikusimama.

"Yasi, nimekosea kusema vile. Nisamehe."

Nilipita mikorosho ya kwetu ya kwanza, nikapita ya pili. Nikawa nawaza: Jumapili nikinyamaza, nimeolewa. Nitakuwa nasomewa kurasa alizochagua yeye mpaka nazeeka. Na nikisema sitaki, huyu hapa ndiye mtu pekee aliyewahi kunisubiri nimalize sentensi.

Nilisimama.

"Si kweli," nilisema.

"Nini si kweli?"

"Kwamba ulitukinga sisi. Bibi Bibiana hakingwi na mtu. Kuku wa Mama Gerson anachinjwa na Mama Gerson mwenyewe. Wewe ulikuwa unakinga nini?"

Erasto alilaza baiskeli chini. Fundi baiskeli halazi baiskeli chini, nilishamsikia akiwagombeza wateja kwa jambo hilo.

"Unakumbuka niliwahi kukwambia nilikuwa sungusungu kule Newala?"

"Ulisema mlikuwa mnalinda korosho."

"Tulikuwa tunalinda. Msimu mmoja gunia liliibwa. Tukamkamata mtu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wote walikuwa wanapiga, Yasi, na mimi nikapiga. Nilimpiga mguuni kwa mpini wa jembe. Wiki iliyofuata gunia likaonekana kwa mtoto wa mwenye shamba mwenyewe."

"Yule mtu?"

"Anaitwa Ashiru. Yu hai. Anachechemea."

Upepo ulipita kwenye majani. Sikusema kitu, na kwa mara ya kwanza kimya changu kilinichosha.

"Nilipofika ukurasa ule nilijiona," alisema. "Sikuweza kuutamka. Halafu nikaona mnampenda Ruvo. Mama Gerson anamsifu, Maryam anataka kumfuata Neda na mwiko. Nikawaza, wacha abaki hivyo. Mtu akipendwa hivyo, hata kama ni wa kwenye kitabu... Na wewe ulikuwa umekaa hapo pembeni yangu. Niliogopa ukimjua Ruvo utanijua na mimi."

"Ukamwacha Neda atukanwe."

"Nikamwacha."

"Ashiru umemwomba msamaha?"

"Kila mwaka nakwenda Newala kumsalimia mama. Nikiona anakuja njiani, nakata kona."

"Miaka mingapi?"

"Saba."

Nilifungua kanga, nikampa kitabu chake.

"Jumapili iko siku nne mbele," nilisema. "Newala ni karibu."

Nikaenda zangu. Mama aliniuliza mbona nimepauka, nikasema ni jua.

Alhamisi hakuonekana kwenye kibanda chake. Hakukuwa na simu wala ujumbe. Maryam alisema, "Mtani amekimbia posa," Mama Gerson akamfinya. Ijumaa, saa nne asubuhi, simu yangu ilitetemeka kwenye mfuko wa gauni. Mikono ilikuwa imejaa mafuta ya maganda.

"Nisomee," nilimwambia Bibi Bibiana.

"Macho yangu mabovu. Maryam, we leo umemenya tu, mikono yako haina mafuta, njoo usome."

Maryam akaichukua kwa vidole viwili, akasoma kwa sauti, bandani mote wakamsikiliza kama tunavyomsikiliza Erasto.

"Nimefika kwake tangu jana. Alinijua kabla sijasema jina. Amesema alijua mpini ule ulikuwa wa nani, alikuwa ananisubiri nije mwenyewe. Hajasema amenisamehe. Amenipa muhogo na chai. Leo tunapalilia shamba lake, mimi najipinda yeye ananisimamia. Ananituma sana. Jumapili nitakuwepo, kama bado kuna Jumapili."

Wanawake hawakujua habari za Ashiru. Lakini ni watu wazima, hawakuuliza.

"Mwandikie jibu," alisema Mama Gerson. "Sema tu, Maryam atakuandikia."

Nilimgeukia Maryam.

"Andika: Usipalilie tu, muulize na mbolea. Jumapili ipo."

"Basi?" Maryam alishangaa. "Hakuna mpenzi, hakuna kopa?"

"Tuma hivyo hivyo."

Jibu lilirudi hapo hapo. Maryam alilisoma kimya, akacheka, akanigeuzia kioo. Kulikuwa na kopa kumi na mbili, mioyo myekundu mitupu.

Jumapili baada ya misa walikuja. Mshenga alikuwa mzee kutoka Newala mwenye maneno mengi. Erasto alikaa nyuma yake, mikono imevimba malengelenge ya jembe, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Upande wetu alikuwepo mama, mashangazi, na Mjomba Ladislaus aliyekuja kutoka Lukuledi kwa baiskeli, kwa sababu kwetu mama anazaa lakini mjomba ndiye anayejibu. Wanawake wa bandani walijipanga ukutani, eti wamekuja kusaidia kupika.

Maneno ya mwanzo yalikwenda kama yanavyokwendaga. Mshenga alisema wameona ua zuri, mjomba akauliza ua lipi, maua ni mengi. Watu wakacheka mahali pa kucheka. Kisha nikaitwa. Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikawaamkia.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu. Yasinta," alisema Mjomba Ladislaus, "kijana yule pale unamfahamu?"

Nikainamisha kichwa.

"Anamfahamu," shangazi alitafsiri.

"Amekuja na watu wake. Anasema anataka kukuoa. Unamkubali?"

Nilitazama mkeka. Kukawa kimya. Mjomba alihesabu kimya hicho kidogo kidogo, kama inavyotakiwa, akavuta pumzi, akamgeukia mshenga.

"Basi, wazee wenzangu, mmesikia wenyewe. Binti..."

"Mjomba, naomba kusema."

Mama alishika mdomo. Mshenga, aliyekuwa ameshaanza kutabasamu, alibaki na tabasamu nusu. Nilimwona Erasto anafumba macho.

"Sema, mwanangu," alisema mjomba. "Hujaharibu kitu. Sema."

"Ninamfahamu. Nimeujua ubaya wake, ameniambia mwenyewe kwa mdomo wake. Na nimemkubali. Ila nilitaka mlisikie neno langu, msilichukue kwenye kunyamaza. Maana siku nyingine nitanyamaza na sitakuwa nimekubali."

Halafu Bibi Bibiana, kule ukutani, alipiga kigelegele ambacho sikudhani kifua chake kinaweza, na wengine wakapokea. Mjomba Ladislaus alicheka mpaka akakohoa.

"Jamani Newala," alimwambia mshenga, "mlikuja kuchukua bubu. Mnaweza kuichukua barua yenu mapema."

"Hatuichukui!" alisema Erasto kwa nguvu, kabla mshenga wake hajafungua mdomo, na hilo nalo si la desturi. Akapigwa faini ya jogoo palepale.

Tulikula wali na kuku. Wazee walipokwenda kupanga mambo ya harusi, itakayokuwa baada ya msimu, sisi tuliachiwa nafasi nyuma ya nyumba, mimi naosha sahani, yeye anazipanga kwenye kichanja. Mama alikuwa anatuona kupitia dirisha na anajifanya hatuoni.

"Ashiru amekusalimu," alisema Erasto. "Amesema siku ya harusi atakuja, lakini nimtume mtu wa kumbeba kwa pikipiki, na mafuta niweke mimi."

"Amekusamehe?"

"Hajatamka. Amesema palizi halijaisha." Akatazama malengelenge yake, akatabasamu. "Nitarudi wiki ijayo."

"Nitakwenda na wewe."

Alipanga sahani mbili tatu. Alikuwa na furaha iliyotulia, ya mtu aliyetua mzigo akakaa chini.

"Yasi, jana ulipokuwa huku unajiandaa nimekirudisha kitabu bandani. Nimenyoosha pembe zote. Mama Gerson bado anataka kukichoma, lakini amemwambia Maryam asome kwanza mpaka mwisho ndipo kichomwe. Maryam analia kila ukurasa. Bibi anasema ni cha watoto. Mimi kimenipeleka Newala. Kila mtu amesema lake, wewe tu hujasema. Wewe kilikufanya nini?"

Nilisugua sahani moja ambayo ilishatakata.

Ningeweza kusema kilinihuzunisha. Angeamini, na mtu yeyote pale nyumbani angeamini. Mimi ndiye Yasinta mpole, ninayepita kuta kuta, ninayekanyagwa kidole na kunyamaza. Yeye alikuwa ameniambia ya mpini wa jembe. Na mimi nilikuwa na langu, tangu siku ile nyuma ya magunia ya muhogo, na sikumwambia padri wala mama.

"Unakumbuka mwishoni," nilisema, "Neda anaporudi? Anamkuta Ruvo amelala, anachukua nondo ile ile?"

"Nakumbuka. Pembe ya tisa. Ile ndiyo ilinishinda kabisa."

"Anamvunja kidole cha kwanza, anahesabu mwenyewe."

"Ndiyo."

Niliweka sahani chini, nikamtazama usoni, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa muda mrefu kiasi kile.

"Nilifurahi, Erasto. Niliusoma mara tatu, na kila mara nilihesabu pamoja naye, kwa sauti."